Fundi wa Visima Aliyejibu "Nipo"

Wapendwa, leo sitawachosha. Najua akina mama wa kwaya wameacha maharage jikoni, na wazee wa benchi la nyuma wameshaanza kutafuta mahali pa kuegemeza kichwa. Egemezeni tu, ila masikio yabaki kwangu. Nina habari ya fundi mmoja wa visima.

Fundi huyu alichimba visima kwa mkono, kwa sururu na koleo, miaka zaidi ya ishirini, katika nchi kavu ambako maji yako mbali chini. Futi hamsini, futi sitini, yeye anashuka tu kwa kamba. Kwenye kazi ile walikuwa wawili. Fundi chini anachimba, na shemeji yake, kaka wa mkewe, juu anavuta ndoo za udongo. Na walikuwa na sheria moja. Kila ndoo ikifika juu, aliye juu anainama mdomoni mwa kisima na kuita, "Upo?" Aliye chini anajibu, "Nipo!" Ndoo nyingine, upo, nipo. Kutwa nzima hivyo hivyo.

Kwa nini waitane namna hiyo kama watoto wanaocheza kibe? Kwa sababu kisimani kuna hewa mbaya, na hewa ile haina harufu. Ukiivuta hujui. Kichwa kinakuwa chepesi, ulimi unakuwa mzito, na wewe mwenyewe unajisikia vizuri kabisa. Wengine huimba. Wanaitwa, "Upo?" wanajibu, "Nipo!" na dakika kumi baadaye hawapo.

Basi fundi alimfundisha shemeji yake hivi: "Mimi nikiwa chini, usiniulize kama niko salama halafu ukaniamini. Anayeamua ni wewe uliye juu. Neno liache, sikiliza sauti. Sauti ikilegea, vuta. Nikikataa, vuta. Nikikutukana, ndiyo uvute zaidi."

Na zamu moja shemeji aliposhuka yeye, sauti yake ikalegea, fundi akamvuta. Shemeji alitukana kutoka chini hadi juu, futi zote arobaini, mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita akaziba masikio ya mtoto wake. Alipofika juu akatapika, akalala pale pale kwenye udongo. Alipoamka akasema, "Asante, shemeji." Waliicheka habari ile miaka na miaka.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja fundi yuko chini, kisima cha kijiji, na ukuta ukabomoka. Udongo ukamfunika hadi kidevuni, mbao iliyokatika ikamkingia kichwa, na juu ya mbao udongo mwingine. Shemeji akaita, "Upo?" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akakimbia kuita watu. Walichimba tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na walipofika kwenye ile mbao walikuwa wameshatuma mtu akalete sanda. Wakamkuta anapumua. Hana mfupa uliovunjika! Mbuzi akachinjwa, kanisa likaimba. Fundi akasimama mbele ya watu akasema, "Nimepona." Wakapiga makofi.

Je, alikuwa amepona? Wiki ya pili mwili wake ukaanza vituko. Ameketi kwenye kigoda anakula ugali, mara moyo unamwenda mbio kana kwamba anafukuzwa. Akashindwa kuoga bafuni mlango ukiwa umefungwa. Usingizi ukamhama. Mtu mpole yule akawa anafokea hata kuku. Watu wakija kumwita kazini, leo kamba imechakaa, kesho mgongo unauma, keshokutwa ardhi bado ina unyevu. Na kile kisima kikabaki shimo, akina mama wakaendelea kwenda kufukua mchanga mtoni.

Mwisho aliona aibu. Akamwambia shemeji yake, "Shuka wewe, mimi nitavuta." Shemeji akashuka. Ndoo ya tatu ikiwa katikati ya kisima, imejaa udongo, mikono ya fundi ikaganda. Hawezi kuvuta, hawezi kushusha. Jasho linamtoka, kamba inaanza kuteleza kidogo kidogo, na chini ya ndoo ile kuna kichwa cha kaka wa mkewe. Wapendwa, mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni alizitupa, akaidaka kamba. Wakaishusha ndoo wote wawili, taratibu. Shemeji alipotoka alikuwa hajui lolote. Ila fundi alijua kwamba siku nyingine ataua mtu.

Akaenda kwa mchungaji, akamweleza yote. Mchungaji akasema, "Ndugu yangu, mtu wa imani hatetemeki. Huyo ni adui anakujaribu. Funga siku tatu, omba, utaona."

Fundi akafunga siku tatu. Siku ya nne akawa anatetemeka kwa hofu na anatetemeka kwa njaa. Mnacheka, lakini kumbukeni kwamba mtu huyu alikwenda na mzigo mmoja akarudi na miwili. Alikuwa na hofu, sasa ana hofu pamoja na dhambi ya kuwa na hofu. Tangu siku hiyo akaacha kumwambia mtu yeyote. Ukimwuliza habari, nzuri. Ukimwuliza afya, njema.

Jumamosi moja alijifungia chumbani tangu asubuhi. Mkewe alikuwa uani anafua. Akaacha nguo kwenye beseni, akasogea dirishani na mikono yake ya povu, akaita.

"Upo?"

Fundi akashtuka. Mkewe hakuwahi kumwita hivyo. Akajibu, "Nipo."

"Hiyo sauti si yako, baba watoto."

"Nimekwambia nipo. Niache nipumzike."

"Umelegea."

"Mwanamke, hebu kafue nguo zako!"

"Haya, umekataa, na matusi yako njiani yanakuja," akasema mkewe. "Wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha kaka yangu. Vaa viatu, tunaondoka."

Wakaenda kituo cha afya. Pale kulikuwa na mshauri nasaha, dada mmoja mdogo wa umbo, ambaye fundi angeweza kumzaa. Fundi alipomwona alitaka kugeuka arudi. Hiki kitoto kitanieleza nini mimi? Tena chumba chenyewe kidogo, na mlango wake wa mbao nzito. Akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Yule dada hakumwambia ingia. Alibeba kiti chake mwenyewe akakiweka karibu na mlango, akaweka na cha fundi, mlango akauacha wazi. Akasema, "Hapa hatufungi mpaka useme wewe, baba."

Siku ya kwanza walizungumza habari za udongo. Udongo mwekundu, udongo wa mfinyanzi, mwamba. Fundi akarudi nyumbani anamwambia mkewe, "Kale kabinti kanauliza vizuri." Siku ya pili yule dada akauliza, "Baba, siku ile kule chini, ulisikia nini?"

Fundi akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mkewe, wala shemeji, wala mchungaji. "Nilimsikia shemeji akiita. Upo? Nikajibu, nipo. Akaita tena, nikajibu. Nilijibu mpaka sauti ikanikauka. Kisha nikasikia miguu yake inakimbia. Nikasema, basi, ameniacha. Ninajibu na hawanisikii." Akafuta uso kwa kiganja. "Binti yangu, mpaka leo ninajibu."

Yule dada akasema, "Leo nimekusikia, baba."

Na fundi wa visima, mwanamume wa kushuka futi sitini, akalia mbele ya binti wa umri ule, mlango ukiwa wazi, watu wanapita koridoni. Hakujali.

Dada akamweleza kwamba yeye si mwendawazimu wala si mwenye dhambi. Mwili wake ulifukiwa, na mwili huo bado haujaamini kwamba umetoka. Akamfundisha kupumua polepole moyo unapoanza mbio. Akamtuma amweleze mkewe yale aliyomweleza yeye. Akampangia: wiki hii ishike kamba tu, ukae nayo uani. Wiki ijayo nenda ukakae hatua kumi kutoka kisimani, shemeji awe pembeni. Siku nyingine alisonga, siku nyingine alirudi nyuma akataka kuacha. Mara moja akauliza kwa hasira, "Utanitoa lini?"

"Mimi nimeshika kamba tu, baba. Kupanda unapanda wewe, na umeshapanda sana, hujiangalii tu."

Fundi akamtazama. Akamwuliza, "Na wewe unayesikiliza haya yote kutwa, anayekuita 'Upo?' ni nani?"

Dada akacheka. "Kila mwezi naenda mjini kwa mwenzangu aliyenitangulia kazini. Nakaa kwenye kiti kama hiki, naye ananiuliza. Bila yeye ningekuwa nimeshafukiwa zamani."

Ilichukua miezi mitano. Wakajenga ukuta wa kile kisima kwa mawe, na fundi akashuka. Futi tano, shemeji akamwita, akajibu. Futi ishirini, akajibu. Alipofika pale ukuta ulipombomokea, moyo ukaanza tena. Ndipo fundi yule, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuomba avutwe, akapaza sauti, "Shemeji, nivute!" Akavutwa. Akakaa juu, akanywa chai, akapumua kama alivyofundishwa. Mchana akashuka tena, na wiki ile ile maji yakatoka. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Na fundi mpaka leo kuna siku moyo unamwenda mbio. Siku hizo anasema, anavutwa, anakunywa chai, anarudi kazini.

Sasa ninyi. Mlangoni mwa kanisa hili asubuhi nimesimama nikawapa mkono wote. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za watoto? Nzuri. Bwana asifiwe! Amina. Watu mia mbili, na nyumba zote mia mbili ni nzuri? Hakuna hata mmoja ambaye hajalala wiki nzima? Hakuna baba ambaye kifua kinambana kila ikifika Jumapili jioni kwa kuwaza Jumatatu? Hakuna mama ambaye anachota chumvi mkono unatetemeka? Tumefundishana kujibu "nipo", na tumefundishana kuamini neno, sauti tumeiacha.

Nanyi naona mnavyomkunjia uso yule mchungaji wa mfungo. Mnajisemea, mchungaji gani huyo? Haya. Fundi yule nimemtunga. Shemeji nimemtunga, kisima nimekitunga, hata ile mbao. Mchungaji sikumtunga.

Maneno yale, mtu wa imani hatetemeki, niliyasema mimi, ofisini kwangu, kwa mmoja wenu. Alinijibu, "Amina, mchungaji." Sauti ilikuwa imelegea, nami nikaifurahia ile Amina, nikamfungulia mlango aende. Nilikwenda kwake wiki iliyopita kuomba radhi. Ameshapata msaada kwingine, anaendelea vizuri, na ndiye aliyenipa ruhusa ya kusema haya leo. Alisema, "Waambie, mchungaji. Ila usinitaje, watakuja wote kunipa pole na nina kazi."

Mimi sijaacha kufundisha maombi. Mke wa fundi aliomba kila siku, na Mungu aliyemsikia ndiye aliyemwekea yule dada njiani. Tusimwombe Mungu msaada kisha tukaukataa ukija umevaa sare ya kituo cha afya.

Kwa hiyo kuanzia Alhamisi hii, saa nne asubuhi, mshauri nasaha atakuwa chumba cha pembeni, kile cha kutunzia vyombo vya kwaya. Ngoma tumezitoa. Viti viko viwili, karibu na mlango, na mlango unafungwa ukisema wewe. Yatakayosemwa mle yatabaki mle, hata mimi sitayajua. Na msione haya nani atatangulia, kwa sababu wa kwanza ni mimi. Miaka kumi na tisa nawaita ninyi, na juzi mke wangu aliniuliza kama nipo, nikasikia mwenyewe jinsi sauti yangu ilivyotoka.

Sasa simameni. Wazee wa nyuma, amkeni. Kila mmoja amgeukie aliye karibu naye. Leo msiulizane habari. Mwite tu, "Upo?" Kisha nyamaza, usikilize sauti.