Mkanda Uliao Sio Ukatikao

"Mkanda uliao sio ukatikao." Wasichana waliokuwa wakimenya viazi vya harusi walilisikia neno hilo kwa Bi Makihiyo, wakamuuliza limetoka wapi, maana mikanda wanayoijua wao ni ya kufunga kiunoni, nayo hailii. Bi Makihiyo alicheka, akasogeza beseni kando. Alisema methali hii bado changa. Ilizaliwa huku huku Mlalo, kwenye pikapu iliyobeba peasi, nayo ilianza hivi.

Mwajabu aliona kwanza kwamba kuku hawakimbii. Kila alfajiri mumewe, Shekibula, alipowasha gari, mkanda wa injini ulipiga yowe na kuku wakatawanyika hadi mgombani. Asubuhi ile gari liliwaka kimya, na kuku wakaendelea kuchakura karibu na magurudumu.

"Nimebadilisha mkanda," Shekibula alisema kwa fahari. "Aliyeniuzia gari aliniusia: likifika kilomita laki moja, weka mkanda mpya. Nimetii."

"Sasa umebaki mlango wa hilo gari," mama yake, Bi Nakijwa, alijibu kutoka jikoni. "Upepo unaniingia gotini kama nimekaa mlimani."

Mlango ukatengenezwa siku hiyo hiyo. Nyumba ile ilikwenda hivyo: kilicholia ndicho kilichohudumiwa. Bi Nakijwa alilia goti, akapelekwa hospitali. Alilia paa linavuja, fundi akaitwa. Mwajabu hakulia kitu. Aliolewa kutoka Handeni, na tangu aletwe hakuwa amerudi kumwona mama yake. Pikapu iliposhuka Mombo na mzigo, alitamani mtu amwambie, panda, leo tutafika mpaka kwenu. Shekibula hakuwa mume mbaya. Hakuambiwa, basi hakujua. Mwajabu alijiambia kwamba gari likimaliza msimu salama, mumewe atakumbuka mwenyewe.

Msimu haujafika katikati, walitoka na matenga ya peasi. Bi Nakijwa alikaa mbele na goti lake, Mwajabu nyuma juu ya mzigo. Walipokuwa wanapanda kilima, injini ilizima. Haikukohoa wala kutoa moshi. Ilizima kama taa. Shekibula alivuta breki ya mkono, na Mwajabu akaruka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu kabla hajaambiwa.

Shekibula alizungusha ufunguo. Injini ilizunguka kwa wepesi, kama cherehani isiyo na uzi. Akazungusha tena na tena, mpaka fundi Kihiyo aliyepigiwa simu akafika na pikipiki.

"Acha," fundi alisema akishuka. "Unazidi kuumiza."

Alifungua kifuniko cheusi ubavuni mwa injini, akavuta mkanda uliokatika, mpana, meno yake yamenyofoka.

"Huo mkanda nimeubadilisha juzi, kama alivyoniusia aliyeniuzia gari," Shekibula alisema.

"Ulibadilisha upi?"

"Uliokuwa unalia."

Fundi alimtazama, kisha akamwonyesha mkanda mpya uliokuwa nje, mzima kabisa. "Huu hapa ndio uliokuwa unalia. Uko nje, ukilegea utausikia mpaka kijiji cha pili. Wewe uliambiwa ule wa ndani. Ule kazi yake ni kupanga zamu: pistoni ikipanda, valvu zipishe. Ukikatika, kila mmoja anakwenda kwa saa yake. Wanagongana."

"Na wamegongana?"

"Lazima nifungue nione. Lakini kwa injini hii, hesabu valvu zimepinda."

"Mbona haukutoa hata mlio?"

"Ule haungojwi ulie, ndugu yangu. Unahesabiwa kilomita, unabadilishwa ungali mzima. Mkanda uliao sio ukatikao."

Shekibula alikaa chini barabarani. Bi Nakijwa alishuka polepole, akishikilia ule mlango uliotengenezwa.

"Basi mimi sikatiki leo wala kesho," alisema. "Maana kwa kulia, nani ataniweza?"

Fundi akacheka. Hata Shekibula akacheka kidogo, kichwa kimeinama. Lakini Bi Nakijwa alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamtazama mkwewe, aliyekuwa akiokota peasi zilizomwagika na kuzifuta vumbi kwa kanga, moja moja.

"Na wewe," alimwambia, "tangu uje kwangu hujalia hata siku moja. Goti lako haliumi? Paa halikuvujii?"

"Hapana, mama."

"Usinijibu kama ule mkanda wa ndani. Nimekuuliza, mwanangu."

Bi Makihiyo aliwaambia wasichana kwamba tangu siku ile, huku kwetu ukimwona mtu anapiga kelele, mpe anachotaka, si vibaya. Kisha geuka umuulize yule aliyenyamaza, wala usingoje akupe dalili. Mkanda uliao sio ukatikao.

Wasichana walitaka kujua Mwajabu alijibu nini.

Aliiweka peasi kwenye tenga. Alimtazama mama mkwe, kisha mumewe pale chini, na sauti ikamtoka ndogo lakini nzima: "Nataka kwenda kwa mama yangu. Sitaki kungoja gari lipone. Nataka kwenda kesho, kwa basi."