Kozi ya Ukunga na Fomu ya Jina Moja

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na anayetaka kuchekeshwa atafute msimulizi mwingine. Leo nina hasira.

Palikuwa na walimu watatu wa mkataba katika chuo kikuu kimoja. Wa kwanza, jina lake Sikudhani, alikuwa mkunga kwa miaka ishirini kabla ya kushika chaki, na aliujua uzazi ndani nje. Nyamizi alikuwa na kipaji cha kulichukua somo refu na kulikatakata mpaka hata mtu aliyechoka akalielewa. Kizito alijua kusikiliza. Mwanafunzi akinyamaza, yeye ndiye aliyeshtuka wa kwanza.

Mkuu wa Idara akawaita. "Nataka kozi ya ukunga kwa njia ya mtandao. Wauguzi arobaini, wako zahanati za mbali. Mnaanza wiki ijayo."

"Mafunzo ya kufundisha hivyo tutapewa lini, Mkuu?" Nyamizi akauliza.

"Si mlihudhuria semina?"

Semina! Walikaa hotelini siku moja, wakala pilau, wakapiga picha na mgeni rasmi, wakapewa vyeti. Hakuna aliyegusa hata kompyuta. Chuo kikatangaza kwamba walimu wake wameiva.

Basi Sikudhani akafundisha alivyozoea. Alisimama mbele ya kamera saa tatu nzima, akaonyesha kwa fimbo ubao ambao kamera haikuuona. Kila baada ya muda aliuliza, "Tumeelewana?" Akangoja kidogo, akasema, "Vizuri," akaendelea. Baada ya wiki mbili, wauguzi thelathini na mmoja walikuwa wametoweka.

Walimu hao watatu wakagombana, tena vibaya. Kisha wakakubaliana jambo ambalo semina nzima haikuliwaza: kila mmoja awe mwanafunzi wa kozi yao wenyewe, asome kwa simu yake, nyuma ya karakana ya chuo ambako mtandao hukwama kama kule zahanati. Sikudhani akajitazama kwenye somo lake lililorekodiwa, dakika kumi tu, akazima simu. "Hata mimi ningeacha," alisema.

Sikudhani akaandika masomo yote upya. Akaweka yale ambayo vitabu havisemi: damu ikifika wapi uanze kuogopa, na mji wa mimba uliolegea ukiugusa unakuwaje.

Nyamizi akayakata masomo hayo yakawa ya dakika nane nane, kila moja na kazi ya mikono. Kwenye somo la kutoka damu, muuguzi alitakiwa kukunja kanga, aikande kama anavyokanda mji wa mimba, ajirekodi, atume. Asipotuma, somo lililofuata halikufunguka.

Kizito akawapigia simu walionyamaza, mmoja mmoja. Leokadia, muuguzi wa zahanati ya Kitongwe, alimjibu kwa ukali: "Mwalimu, zamu zote ni zangu peke yangu. Nimeshaacha." Kizito hakumhubiria. Alimuuliza anapumzika saa ngapi, akampangia tarehe zake za kutuma kazi, akampigia kila Alhamisi. Leokadia akarudi.

Mwezi wa pili wa kozi, mvua ikakata barabara ya Kitongwe. Mama mmoja akajifungua salama, lakini damu ikakataa kusimama. Leokadia akamchoma sindano ya kuzuia damu, damu ikaendelea. Akaanza kuukanda mji wa mimba, akakanda, akakanda, mpaka ukakaza na damu ikasimama. Mama yule yu hai, na mwanawe ananyonya.

"Nilikanda kama ile kanga, mwalimu," Leokadia alimwambia Kizito kwenye simu, huku analia.

Habari zikafika chuoni. Mkuu wa Idara, ambaye hajafungua somo hata moja, akapokea pongezi bila haya. Kisha akatangaza ajira ya kudumu kwa "mwenye kozi". Nafasi moja! Wawili waliobaki, mikataba yao inaisha mwezi huu.

"Bila ujuzi wangu, Leokadia angekanda nini?" Sikudhani akasema.

"Ujuzi huo huo uliwakimbiza watu thelathini na mmoja, dada," Nyamizi akajibu. "Mikono yake niliizoeza mimi."

"Mlimzoeza nani?" Kizito akafoka. "Alikuwa ameacha! Nani alimrudisha?"

Watu waliokuwa wakila sahani moja, sasa hawasalimiani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo.

Msiniambie "wapewe wote". Nami nilisema hivyo, nikaonyeshwa fomu: ina nafasi ya jina moja, na inarudishwa Ijumaa. Jumatatu wanaanza wauguzi wapya sitini, na atakayebaki atawafundisha peke yake. Ukiandika jina moja umewafukuza wawili, na umeamua Leokadia wa kundi hili jipya akose nini siku damu itakapokataa kusimama.

Kalamu hii hapa. Je, wewe ungeandika jina la nani?