Mama wa Watoto Wawili

Kovu likitajwa halitishi. Asubuhi mmenisikia nikimwambia mwenzenu maneno hayo, mkauliza nimeyatoa wapi. Wajukuu zangu, sikuyatunga mimi. Nilipewa na mama mmoja wa Makete, na ilikuwa hivi.

Enzi hizo nilikuwa kapteni jeshini, kazi yangu upekuzi. Askari akiteuliwa kutunza siri za jeshi, hujaza fomu ndefu: kazaliwa wapi, ndugu zake ni akina nani, yupi amewahi kufungwa. Kisha mimi nafunga safari hadi kwao kuuliza kama aliyoandika ni kweli. Aliyeficha jambo hapewi kazi, maana adui akiligundua atamshika nalo.

Mwaka huo aliteuliwa Koplo Atukuzwe Sanga, msichana mtaratibu wa kitengo cha mawasiliano. Nikapanda kwao milimani, baridi inauma. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia, "Huyo ni mtoto wa pekee." Mwalimu wake wa zamani naye akasema hivyohivyo. Hata mchungaji alitazama viatu vyake, akajibu kwamba hajui ndugu mwingine. Nikaona wamekwisha kupatana.

Nikaenda kwa mama mzazi. Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Akanipa kigoda karibu na moto.

"Mama, una watoto wangapi?"

Kisu kikasimama. Akafunua chungu kilichokuwa kimeanza kufoka.

"Baba," akasema, "tangu jana majirani wananiita Mama Atukuzwe. Wanampenda mwanangu, wanataka apate kazi. Lakini mimi miaka thelathini naitwa Mama Tumwitike. Huyo ndiye kifungua mimba wangu. Yuko gerezani. Yeye na wenzake waliiba bunduki ya mgambo."

"Atukuzwe anajua?"

"Anajua! Kila mwezi anampelekea sabuni na mafuta ya kupaka."

"Majirani wamekuomba ufiche. Mbona umesema?"

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nikificha, kuna siku atakuja mtu kumwambia, 'Fanya nitakalo, la sivyo nitamtaja kaka yako.' Mwanangu ataishi kwa hofu. Kovu likitajwa halitishi, baba. Na Tumwitike nimemzaa mimi. Nitamkanaje ilhali yu hai?" Kisha akauliza polepole, "Nimemharibia binti yangu?"

Fomu ilikuwa mkobani mwangu. Katika mstari wa ndugu, Atukuzwe alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Kaka yangu Tumwitike amefungwa kwa wizi wa silaha. Namtembelea kila mwezi.* Sikuruhusiwa kumwonyesha mtu yeyote fomu ile. Lakini sikuweza kumwacha mama yule na swali lake.

"Mama," nikamwambia, "binti yako amekutangulia kusema."

Akalia huku akicheka. Akanipakulia viazi vya moto, akasimama kando yangu mpaka nikamaliza.

Wakubwa walibishana miezi minne juu ya jina la Tumwitike. Mwishowe Atukuzwe akapewa kazi, akaifanya hadi alipostaafu. Na siku kaka yake alipofunguliwa, alikwenda kumpokea mlangoni mwa gereza akiwa amevaa sare yake ya jeshi, mchana kweupe, watu wakitazama. Akamkumbatia, akambebea furushi lake hadi stendi.

Tangu hapo, kila askari aliyesita mbele yangu na kalamu mkononi nilimwambia alivyosema Mama Tumwitike: kovu likitajwa halitishi.