Pampu Ndogo ya Lori la Kiboko

Jamani, mmekaa?
— Tumekaa.
Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha jikoni?
— Tunayo, tumeyafungua.
Palikuwa na mlima.
— Tupandishe.
Palikuwa na mzigo.
— Tutwike.

Mama Nguchiro alikuwa anasugua sufuria kwa jivu. Ukoko ulikuwa umegandia chini, mgumu kama gamba la kobe. Akasugua, krwa krwa krwa, akapumzika, akasugua tena. Wanawe walikuwa wamezagaa uani, Sijali, mkubwa wao, juu ya kichuguu, mwingine ndani ya kichuguu, na wa mwisho amelala kwenye kapu la nguo chafu.

Kanga akatokea njiani, kifua mbele, habari zimemjaa mdomoni.

"Mama Sijali, weka hiyo sufuria chini."

"Nikiiweka, nani ataiokota?"

"Lori la Kiboko limekufa huko mtoni. Anakutafuta wewe. Anasema hataki fundi mwingine." Kanga akajipangusa mdomo kwa bawa, halafu akaongeza polepole, "Wala si ajabu. Ninyi si mnafanya kazi pamoja?"

Mama Nguchiro akainamia sufuria. Akawa anasugua mahali palipokwisha kutakata.

Maana ya maneno yale aliijua. Kila mavuno Kiboko huja na lori lake kununua viazi vya majirani. Hununua kwa gunia, lakini gunia la Kiboko si gunia la watu. Likishajaa mpaka mdomoni, juu yake hushonewa wavu, na wavu nao hujazwa viazi, mpaka gunia linavaa kilemba kirefu kuliko lenyewe. Hiyo ndiyo lumbesa. Unauza gunia moja, unatoa viazi vya mawili.

Na msimu uliopita, vile vilemba vyote vilishonwa na Mama Nguchiro, kwa shazia yake na uzi wa katani. Watoto walikuwa na njaa, Kiboko akasema njoo ushone, akaenda akashona. Watoto wakala. Majirani wakatoa viazi mpaka vya mbegu. Bibi Karunguyeye, ambaye hana mtu, alipanda maganda, na kilichoota shambani kwake kilikuwa majani matupu.

Tangu hapo, kisimani waliitikia salamu ya Mama Nguchiro, ila hakuna aliyeanza kumsalimu. Na sasa mvua zilikuwa karibu. Mbegu zikichukuliwa tena, bonde zima lingepanda magugu.

Akanawa jivu, akachukua spana, akaenda.

Kiboko alikuwa ameketi kivulini mwa lori lake, anakula miwa ya mtu.

"Fundi, limekata pumzi. Tangi limejaa dizeli, lakini injini inalia kwi, kwi, basi."

Mama Nguchiro akaingia uvunguni. Mwili wake mwembamba ulipita mahali ambapo Kiboko asingepitisha hata pua. Akagonga pampu ile inayovuta dizeli tangini na kuipeleka kwenye injini. Akaweka sikio. Kimya.

"Pampu imekufa, Bwana Kiboko."

"Tafuta nyingine. Ya bei ya chini."

Akaenda kwa Kunguru muuza spea, akarudi na pampu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Akaziweka kwenye nyasi.

"Hii kubwa inasukuma dizeli kama mto. Hii ndogo inasukuma kama mtoto anayekojoa."

"Ipi rahisi?"

"Ndogo."

"Ipi itakayoninywea dizeli kidogo?"

"Ndogo. Hata ukitaka ipitishe nyingi, haipitishi."

Kiboko akacheka mpaka miwa ikamdondoka. "Sasa unaniuliza nini, Mama? Funga hiyo."

Kila alichosema Mama Nguchiro kilikuwa kweli. Akaziba mrija wa tangi kwa kijiti ili dizeli isimwagike, akafungua pampu mfu, akachomoa kijiti, akaweka ile ndogo. Akaangalia mshale uliochorwa ubavuni mwake, akauelekeza upande wa injini, akakaza vibano, akaunga nyaya mbili. Mwisho akalegeza nati ya chujio la dizeli, lililo kati ya pampu na injini, ili upepo utoke. Povu likatoka, fwe fwe fwe, mpaka ikaja dizeli safi isiyo na povu. Akakaza.

Kiboko akawasha. Ngrrrrr.

"Fundi wangu," akasema Kiboko. "Kesho unakuja kushona."

Kesho yake magunia yalipangwa kando ya barabara, chini ya mlima. Soko lilikuwa ng'ambo, na barabara ya kwenda huko ilipanda mlima ule moja kwa moja. Mama Nguchiro akashona vilemba mbele ya majirani wote. Hakuna aliyemsemesha, isipokuwa Bibi Karunguyeye, aliyemshikia wavu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hapo juu nimeweka vya mbegu, maana vingine vimekwisha. Kaza uzi, mwanangu, visije vikaanguka."

Mama Nguchiro akajichoma na shazia, akanyonya kidole, akaendelea kushona. Hakuweza kumtazama usoni.

Mzigo ukapakiwa. Mama Nguchiro akakaa juu ya magunia na shazia yake na kisu, kwa sababu Kiboko alitaka fundi karibu. Lori likaanza kupanda mlima.

Ngrrrr, ngrrr, ngrr, ngr. Tii. Kimya.

"Fundi," akaita Kiboko.

Mama Nguchiro akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaweka sikio kwenye pampu.

"Inasemaje?"

"Inasema vilemba."

"Vilemba vimefanya nini?"

"Vizito. Mlimani injini inataka dizeli nyingi, na hii pampu uliipendea kunywa kidogo."

"Basi tungoje, labda itapata nguvu."

Hilo ndilo Mama Nguchiro hakutaka Kiboko alifikirie. Pampu ndogo husukuma kidogo kidogo. Injini ikipumzika, pampu huendelea, chujio hujaa lenyewe, na lori huwaka hata kama hujashusha kiazi kimoja. Kwa kungoja na kuwasha, kungoja na kuwasha, Kiboko angefika sokoni na vilemba vyake vyote.

"Tungoje," akasema. "Ila mimi nitasimama kule pembeni, Bwana Kiboko, nina watoto wadogo. Hilo jiwe naliona linasogea."

Lori likalia krii. Jiwe lilikuwa kweli limesogea.

Kiboko akatazama bonde kupitia kioo cha pembeni. "Toa vya nyuma," akasema. "Vya nyuma tu."

Mama Nguchiro akapanda, akakata uzi wake mwenyewe. Viazi vikateremka mlima, gudu gudu gudu, mpaka miguuni mwa waliovilima. Wakati anakata, chujio likajaa. Kiboko akawasha.

Ngrrrr, ngrrr, ngrr, ngr. Tii. Kimya.

"Inasemaje?"

"Inasema vilemba."

"Toa vya katikati. Vya katikati tu."

Gudu gudu gudu. Ngrrrr, ngrrr, ngrr, ngr. Tii.

"Isiseme," akasema Kiboko. "Nimeshaielewa. Toa vyote."

Akatoa vyote. Magunia yakabaki bapa kama vichwa vya watu wa kawaida, na lori likapanda bila kukohoa mpaka kileleni. Hapo Kiboko akasimama, akatoa kichwa dirishani. Chini, majirani walikuwa wanaokota. Bibi Karunguyeye alijiviringisha juu ya viazi, akainuka navyo vimechomeka mgongoni kama vifungo.

"Mnamwona huyu?" akanguruma Kiboko, mlima mzima ukasikia. "Bila huyu ningelala hapa, na ningevingirika mpaka mtoni. Huyu ni mtu wangu. Na hii pampu yake haitoki humu mpaka nife. Rahisi, na hainywi."

Akaondoka. Mama Nguchiro akabaki barabarani na kisu mkononi.

Alipoteremka, majirani walimpisha njia kama apishwavyo mtu aliyebeba ndoo ya maji machafu. Kanga alikuwa na kiazi kinywani; akakitoa ili aseme vizuri.

"Tumesikia, Mama Sijali. Mtu wake."

Bibi Karunguyeye akaokota kipande cha wavu kilichokatwa, akakileta karibu na macho. "Huu mshono ni wako?"

"Wangu, Bibi."

"Na wa mwaka jana?"

"Na huo wangu."

Jibu jingine lilikuja mpaka kwenye meno. Angeweza kusema: ile pampu niliichagua mimi, na kwa pampu ile hatavusha kilemba mlima huu tena. Angesema, na Kanga angeanza safari kabla hajamaliza sentensi, na kabla ya jua kuzama Kiboko angekuwa dukani kwa Kunguru anaulizia ile kubwa. Akalimeza neno. Lilikuwa chungu, na lilikwaruza huko lilikopita. Akainama, akamsaidia Bibi Karunguyeye kuokota. Bibi hakumkataza, wala hakumshukuru.

Jioni akachemsha viazi, akavimwaga kwenye sinia, akanyunyiza chumvi.

"Mama," akasema Sijali, "Kanga anasema sisi ni watu wa Kiboko. Ni kweli?"

"Nawa mikono."

"Lakini ni kweli?"

"Nimesema nawa mikono. Mwite na huyo wa kwenye kapu."

Wakanawa, wakazunguka sinia. Mama Nguchiro akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kama kila jioni. Akarudia, kwa sababu wawili walikuwa wanabadilishana nafasi. Wote walikuwapo. Wakala.

Funzo mnalitaka?
— Tupe.
Nunueni spea ya bei ya chini kuliko zote, mtafika salama. Mkubwa akikusifu mbele ya watu, furahi, maana ni heshima. Na ukiwatendea majirani jema, lifiche sana, wasije wakakupenda bure.

Injini nimezima.
— Na sisi tumeshuka.