Gaga la Choo cha Bwana Mgoli

Doa la kale hulowekwa, halikwanguliwi. Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia hivyo wale ndugu wawili waliogombana kwa kisa cha zamani, mkanijia mbio kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Ketini basi. Ulitoka chooni, na asicheke mtu.

Nyamizi alikuwa akifanya usafi katika gesti ya Bwana Mgoli, hapa hapa Makungulu, ambako maji ya kisima yana chumvi hata chai haifichi ladha yake. Maji hayo yaliacha gaga la manjano, ukoko mgumu wa chumvi, ndani ya sinki la choo, likaganda miaka na miaka. Jumatatu moja Bwana Mgoli alimwambia, "Ijumaa nina wageni wa harusi. Wakilikuta sinki hivi, nitatafuta mtu mwingine." Nyamizi alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Alisugua kwa mchanga. Alisugua kwa waya wa kusugulia masufuria, kisha akakwangua kwa kisu kikuukuu. Siki nayo aliimwaga, lakini juu ya maji yaliyotuama sinkini, ikapotea bure. Siku tatu mgongo ulimuuma, vidole vikachubuka, na gaga lilikuwa pale pale.

Alhamisi asubuhi alikaa kizingitini, amechoka hata kulia hawezi. Bi. Mshindo, muuza chai wa jirani, akamkuta.

"Shikamoo, mama. Gaga limenishinda."

"Marahaba, mwanangu. Birika langu hushika gaga hilo hilo, wala silikwangui. Nalitilia ndimu, naliacha. Wewe yatoe maji yote humo, chovya matambara kwenye siki, yalaze juu ya gaga. Kisha ukae."

"Nikae? Bwana Mgoli akinikuta je?"

"Na akukute."

Nyamizi akafanya hivyo, akakaa. Bwana Mgoli alimkuta kweli, saa tisa alasiri, ameegemea ukuta.

"Nyamizi! Wageni kesho, wewe umekaa?"

"Sijakaa, baba. Nimeloweka."

Aliinuka, akayaondoa matambara, akapitisha brashi mara mbili tatu. Gaga likamong'onyoka, likaenda na maji. Bwana Mgoli alitazama, akakohoa kidogo, akaondoka zake. Kazi ya Nyamizi ikabaki kuwa yake.

Ila yeye hakufurahi kama mnavyodhani. Sinki lilikuwa jeupe, na katika weupe ule ilionekana mikwaruzo ya waya na kisu, mingi, yote ya mkono wake mwenyewe. Alijaribu siki, akajaribu ndimu. Doa lilikuwa limetoka, mikwaruzo haikutoka kamwe, na kila gaga jipya lilianza kushika humo humo. Akalisugua sinki lile miaka tisa zaidi. Siku alipomwachia mwingine kazi, hakumpa brashi kabla ya kumshika mkono na kumwonyesha ile mikwaruzo.

"Hii niliiweka mimi," alimwambia. "Doa la kale hulowekwa, halikwanguliwi."