Majivu Jikoni kwa Mama Gaudensia

"Asifuye moto aulizwe majivu." Methali hii mmeisikia leo kwenye mdahalo, mkaipigia makofi, kisha mkanijia mimi mzee wenu mkitaka kujua imetoka wapi. Wengi hudhani ni ya mababu. Si ya mababu. Ilizaliwa hapa hapa Lihumbe, nami nilikuwepo, nikiwa mtunza maabara wa shule hii. Kisa chenyewe ni hiki.

Kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tano aitwaye Ansila Ngonyani, msichana mwembamba mwenye maswali mengi kuliko madaftari yake. Siku moja alikuta maktabani jarida kuukuu lililoeleza vinu vya nyuklia vya namna mpya: havitoi moshi, hujizima vyenyewe joto likizidi, na vingine huweza kutumia tena mabaki ya vinu vya zamani. Tangu siku hiyo hakutulia. Alinifuata maabara hata wakati wa chakula. "Mzee Hyera, kwa nini basi tunamaliza misitu kwa kuni?" Nilimjibu nilichojua, na nilichojua kilikwisha upesi.

Jumamosi ya siku ya wazazi alipewa nafasi ya kuzungumza. Alieleza vizuri mno, hata mwenyekiti wa kijiji akaacha kusinzia. "Huu ndio moto safi!" alimalizia, na watu wakashangilia.

Ndipo Mama Gaudensia Nyoni, mpishi wetu, alipoinua mkono kutoka nyuma kabisa.

"Mwanangu, nimepika hapa miaka kumi na minane. Sijaona moto usio na majivu. Ya huo wako yanamwagwa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Ansila hakucheka. Jarida lilikuwa na ukurasa mmoja wa habari hiyo, naye alikuwa ameuruka.

Jumatatu aliusoma mara tatu, akaandika jibu, akachora na picha, akaenda jikoni. Mimi nilifuatana naye, nikiwa na kikombe changu cha uji.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea jibu lako."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niambie."

Ansila alimweleza kwamba mabaki ya moto ule hutoa mionzi. Haionekani wala hainuki, lakini huharibu mwili ndani kwa ndani. Kwa hiyo hufungiwa katika vyombo vizito vya chuma na madini ya risasi, kisha hutiwa alama ya hatari. Akamwonyesha mchoro wake: duara dogo, limezungukwa na mapanga matatu meusi kama ya feni, juu ya rangi ya njano.

Mama alifuta mikono, akaishika karatasi, akaitazama kwa muda.

"Mbona hii ninayo?"

"Unayo nini, mama?"

"Hii alama. Iko kwenye kile kichuma cha kuzuilia mlango wa stoo."

Tuligeuka. Pale chini palikuwa na chuma kinene, ukubwa wa ndoo ndogo, rangi yake ya njano imebanduka. Mumewe marehemu alikiokota porini miaka sita kabla, watafiti wa urani, madini ya nyuklia, walipovunja kambi yao. Ansila alinishika mkono hadi kucha zikaniingia.

Nilikimbilia maabara kuchukua kile kipimo kidogo cha mionzi tulichofundishia. Siku zote kililia polepole, kama bomba linalovuja. Mlangoni pa jikoni kikaanza kwenda mbio. Hatua tatu ndani, kikalia mfululizo kama mahindi kwenye kikaango. Nilikizima nikakiwasha tena, nikidhani kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika.

"Tokeni! Tokeni wote!" Ansila alipiga kelele.

Uji uliungua jikoni, hakuna aliyerudi kuuepua. Nje, Mama Gaudensia alitugeukia. "Kufuli la kile kichuma limelegea," alisema. "Jumamosi hii inayokuja nilikuwa nimwite fundi alivunje. Nilidhani ndani mna kitu cha maana."

Nilikimbilia ofisini kupiga simu ya kuomba msaada.

Wataalamu wa mionzi walifika Jumatano. Mkubwa wao alituambia kwamba kilichomo ndani hutumika kupimia miamba ndani ya mashimo marefu yanayochimbwa na watafiti wa madini, na kwamba kilitolewa katika mabaki ya kinu cha nyuklia cha nchi ya mbali. Nilimwomba arudie. Akarudia. Ansila akaketi chini, mavumbini. Majivu ya moto ule yalikuwa yamekaa jikoni kwetu miaka sita.

Mama Gaudensia alilazwa mjini siku tisa. Damu yake ilionekana salama, kwa kuwa chombo kilikuwa bado kinazuia sehemu kubwa ya mionzi. Alimwuliza yule mtaalamu kama ndicho kilichomuua mumewe.

"Mama, sitakudanganya," akajibiwa. "Sijui."



Ansila alilirudisha jarida maktabani, akaapa hatalishika tena. Mama aliporudi akamwita.

"Nani amekukataza kusoma? Moto siukatai, nimeishi nao. Nakataa kuonyeshwa mwali peke yake. Nenda ukasome. Na siku ukimsikia mtu anausifu moto wake, muulize majivu."

Alikwenda. Sasa ni mtafiti, na kazi yake ni hayo mabaki: namna ya kuyapunguza, na pa kuyaweka yasimdhuru mtu. Nasi tuliobaki, kila alipokuja mgeni na sifa za mgodi au dawa mpya ya shamba, tulimwuliza kwa maneno ya Mama, yakazidi kufupika midomoni mwetu. Na tangu Jumatatu ile, hapa Lihumbe muulizaji hachekwi.

Asifuye moto aulizwe majivu.