Kifusi Mdomoni mwa Kisima

Naomba mumwone mtu aliye chini ya shimo. Anachimba kisima nyuma ya nyumba yake, na shimo limeshapita kimo cha watu watatu. Mkewe yuko juu, anavuta ndoo za udongo kwa kamba na kuzimwaga palepale ukingoni, kama mume alivyoagiza, ili kazi iende haraka. Asubuhi, kabla ya kushuka, mtu huyu alipiga magoti akaomba: "Bwana, nilinde leo."

Akapita jirani waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Akachungulia shimoni.

"Ee bwana, unatafuta maji au unajichimbia kaburi? Kifusi chote hiki mdomoni mwa kisima! Hata panya anakushinda akili. Yeye husukuma udongo wake mbali."

"Nenda zako! Shamba limekushinda, sasa unataka na kisima?"

Jirani akacheka, akaondoka. Punje za udongo zikamdondokea mchimbaji begani.

"Baba Yusta," mkewe akaita, "panda kwanza, tukisogeze."

"Ili yule akatambe kilabuni kwamba kanifundisha kazi? Sipandi. Leta ndoo!"

Ndoo ikachelewa.

"Umezubaa nini huko juu?"

"Nakuja, baba."

Ikachelewa tena, akafoka tena. Udongo uliendelea kumdondokea, bonge moja likamgonga shingoni, akashika ukuta. Lakini hakupanda. Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa akiogopa nini kuliko kifo?

Jioni alipanda, matope magotini. Maji yalikuwa yameonekana. Hata kabla ya kujipangusa aligeukia kwa jirani, akapaza sauti: "Uko wapi, nabii wa makaburi? Mbona hakikuporomoka?"

Kisha akatazama chini. Ukingo ulikuwa mtupu. Kifusi chote kilikuwa mbali, kando ya ua wa minyaa, na mkewe ameketi juu yake, viganja vimechubuka hadi damu.

"Asubuhi uliomba ulindwe," mkewe akasema. "Ulitaka Mungu amtume nani?"

Sisi tukikosolewa, swali letu la kwanza huwa: nani kasema? Tukiona ni adui, tunalitupa neno pamoja naye. Jirani yule alikuja kudhihaki, na dhihaka yake ilikuwa dhambi. Lakini kifusi kilikuwepo. Kristo alitukanwa asirudishe tusi, kwa maana heshima yake ilikuwa mikononi mwa Baba. Yako iko wapi, hata uilinde kwa uhai wako?

Na wewe unayejisifu leo kwamba waliokusema walikosea, geuka utazame ukingo. Huenda yupo aliyelisikia neno ulilolikataa, akalibeba kimya kwa ajili yako. Mshike mikono jioni hii, ungali unaye. Iko siku utapanda kutoka shimoni, na juu pale hapatakuwa na mtu.